Kula au Kupanda

Jumatatu, 3 Machi

Leo natimiza miaka thelathini na nne, miezi miwili na siku kumi na moja tangu nilipovuka mpaka. Nahesabu hivyo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kusahihisha maandishi ya watu wengine, na mtu wa kazi hiyo hapendi neno "takriban". Daftari hili ni la msimu huu wa mvua tu. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Kiwanja changu namba kumi na tisa, nyuma ya tangi la maji, nimeshakilima. Bado mbegu.

Mdogo wangu alipiga simu jana, kama kila Jumapili. "Kaka, watu wale wa zamani wameshaondoka serikalini. Nyumba ya baba ipo. Chumba chako nimekipaka rangi. Unangoja nini?" Nikamwambia nina kiwanja. "Na ukinyang'anywa hicho kiwanja?" Nilikuwa nimechoka kuisikia sauti yake, nikasema nikinyang'anywa nitarudi. Akaniapisha. Nikaapa, nikaenda kunawa mikono.

Alhamisi, 6 Machi

Homa imeingia mjini. Redio imetangaza hali ya dharura. Maduka yatauza vitu vya lazima tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda dukani kuona kipi ni cha lazima. Chakula cha mbwa ni cha lazima. Sigara ni za lazima. Mafuta ya kung'arisha dashibodi ya gari ni ya lazima. Rafu ya mbegu, ile iliyo kati ya mifagio na chakula cha mbwa, imezungushiwa utepe wa njano kama mahali palipouawa mtu. Ndani ya utepe zimo mbegu, mbolea, majembe, ndoo za kumwagilia na hata glavu. Ndoo za kudekia, ambazo ni ndoo zilezile za rangi nyingine, ziko nje ya utepe.

Nilimuuliza keshia, binti mwenye miwani mikubwa, kama ninaruhusiwa kuzitazama.

"Kutazama ruhusa, mzee. Usiguse tu."

"Na kulima?"

"Kulima ruhusa. Wamesema ni mazoezi ya mwili."

Kwa hiyo raia anaruhusiwa kulima mpaka mgongo ukatike, mradi asipande kitu. Aliyebuni sheria hii hakika ni mtu aliyesoma sana.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike hapa hesabu ya mtego, maana baadaye hakuna atakayeamini.

Viwanja vyetu ni mali ya halmashauri. Kanuni ya nne inasema kiwanja ambacho hakijaota kitu kufikia tarehe thelathini Aprili atapewa mtu mwingine aliye kwenye orodha ya kungoja. Kanuni haina neno "isipokuwa". Mbegu tulizojiwekea za mwaka jana hatuna: halmashauri ilituamuru tuzichome zote kwa sababu ya ukungu, tukazichoma kwa nidhamu, tukapiga na picha. Sasa ofisi ya ghorofa ya pili inakataza kununua mbegu, na ofisi ya ghorofa ya kwanza itamnyang'anya kiwanja asiyepanda. Kati ya ghorofa hizo mbili pana ngazi ya hatua kumi na nane. Nimeipanda mara nyingi. Hakuna mtumishi niliyewahi kukutana naye humo.

Nilimwendea mwenyekiti wa viwanja. Tunamwita Futikamba, kwa kuwa haendi popote bila futikamba yake ya kupimia mipaka, nadhani hata kitandani. Nikamweleza.

"Nimekuelewa, mzee wangu," akasema. "Lakini kanuni ni kanuni."

"Na dharura?"

"Dharura ni ya wale wa juu. Mimi niko chini."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayetaja cheo.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ardhi imelainika vizuri, kwa faida ya nani sijui.

Jumatano, 19 Machi

Umma umekasirika. Nimeishi katika mji huu chini ya serikali sita. Nimewaona wakipandishiwa nauli, wakifungiwa shule, wakikatiwa maji mwezi mzima, na walinyamaza kama viti. Leo wamegundua uhuru wao nyuma ya utepe wa njano, karibu na mifagio.

Redioni wanapiga simu watu ambao hawajawahi kuinamia udongo isipokuwa funguo zimewaanguka. Bwana mmoja alilia kabisa, akasema marehemu bibi yake alikuwa na bustani. Mtangazaji akamuuliza alipanda nini. Akasema, "Vitu vya kijani."

Kinyozi wa ghorofa ya chini ndiye kiongozi wa mtaa wetu. Kibanda chake kimefungwa, na kinywa kilichozoea kusema saa kumi kwa siku kimekosa kichwa cha kukisemea. Amenunua buti za mpira. Alikuja kunigongea.

"Mzee, wewe ni mtu wa kalamu. Tuandikie malalamiko."

"Unalalamikia nini?"

"Mbegu!"

"Mbegu za nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama mkwe. "Zote," akasema.

Nimemwandikia. Kurasa mbili, hakuna kosa hata moja. Kazi ni kazi.

Jumamosi, 22 Machi

Gazeti limetoa picha ya waziri nyumbani kwake akitushauri tuvumilie. Nyuma yake, upande wa kushoto, imeonekana mifuko kumi na miwili ya mbolea, mipya. Msemaji wake ameeleza kuwa ni mchanga wa watoto kuchezea. Watoto wa waziri ni mawakili.

Jumapili, 30 Machi

Simu. "Kaka, huko kwenu mmekwama, eh?" Hakuificha furaha yake. Nikasema mwezi mzima umebaki. Akasema amenunua godoro.

Jumamosi, 5 Aprili

Wakulima wa kweli hatukupiga simu redioni. Tulikwenda kwenye rafu ya chakula. Maharage ya kula hayana utepe. Vitunguu saumu havina utepe. Viazi vilivyoanza kuchipua vilikuwa vikiuzwa kwa bei ya kutupa, na wazee sita wasiopenda kupika walikuwa wakigombea vile vibaya kuliko vyote.

Aliyekuwa mbele yangu ni Nesi, jirani yangu wa kiwanja namba ishirini. Amestaafu hospitali kuu. Tumepakana miaka kumi na miwili, na mke wangu alipokuwa hai walikuwa wakiongea juu ya mpaka huku mimi nikijifanya napalilia. Ana mgongo ulionyooka na maneno machache. Yeye hakuchukua kitu. Alisimama mbele ya utepe, akasoma tangazo lote mpaka chini, akaondoka.

Nami nikaona nisinunue leo, kulikuwa na vurugu. Nitakwenda wiki ijayo.

Jumanne, 8 Aprili

Serikali imeshtukia kwamba watu wanapanda chakula. Kuanzia leo, anayenunua nafaka, maharage au viazi lazima ajaze Tamko la Matumizi: Mimi fulani natamka kwa ukweli kwamba bidhaa hii ni ya kula, au, ni ya kupanda. Unaweka alama moja. Ukiweka alama kwenye kupanda, huuziwi.

Nimeisoma fomu hiyo kwa jicho la kazini. Haina kosa la herufi hata moja. Walijitahidi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimechukua kilo moja ya maharage. Mbele yangu Nesi, naye kilo moja. Keshia akampa fomu na kalamu iliyofungwa kwa kamba.

Nesi akaweka alama kwenye kupanda.

Binti akavua miwani. "Mama, hapana. Hapa weka kula."

"Siendi kuyala."

"Najua, mama. Wote hawaendi kuyala. Weka kula tu nikuuzie."

"Mwanangu, nimeandika joto la wagonjwa miaka thelathini na moja. Sikuwahi kuandika thelathini na saba mahali pa thelathini na tisa ili daktari alale vizuri."

"Sasa maharage na wagonjwa wapi na wapi?"

"Karatasi ni karatasi."

Nyuma yetu mtu akasonya: "Jamani, mwambieni huyo mama atufanyie hisani." Mwingine akacheka. Nesi akairudisha kilo yake kwenye rafu, akaipanga mdomo wa mfuko ukitazama mbele kama zile nyingine, akatoka.

Ikafika zamu yangu. Nikaweka alama kwenye kula, nikaandika jina langu kamili na sahihi yenye mkia. Haikunichukua muda wa kupiga chafya.

Nilimdharau njia nzima. Mwanamke mzima, amesoma, amezika watu, hajui kuwa serikali inayouliza swali la kijinga haistahili jibu la kweli! Huo si uadilifu, ni ukaidi wa kutaka kuonekana. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshazipanga hoja zangu moja moja, bila mtu wa kunijibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepanda mistari sita. Mikono miwili ya maharage imetosha. Yaliyobaki nimebandika kiasi jikoni, mengine nimeyaweka kwenye kopo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekula maharage siku nne mfululizo. Nimepiga hesabu kwamba nikimaliza yaliyobaki, tamko langu litakuwa la kweli kwa zaidi ya robo tatu. Kuna mahakama zimeridhika na chini ya hapo.

Jumatano, 16 Aprili

Yameota. Shingo zimeinama, halafu zikanyooka. Sijui kwa nini jambo hili bado hunifanya nisimame kama mjinga kila mwaka.

Namba ishirini ni tupu. Nesi huja saa moja asubuhi, anapalilia udongo usio na kitu, anang'oa jani ambalo jana halikuwepo, anasawazisha, anaondoka saa tatu. Tunasalimiana.

Jumamosi, 19 Aprili

Maandamano makubwa. Niliyatazama kutoka kwenye ngazi za posta. Umati, filimbi, majembe mapya yenye lebo kwenye mpini, sijui waliyapata wapi. Kinyozi mbele na kipaza sauti: "Ardhi ni yetu! Mbegu ni zetu!" Wakafika kwenye uwanja wa nyasi wa ofisi ya wilaya na kutangaza kwamba wataupanda palepale, ulimwengu uone. Wakachimba. Kinyozi akafungua mfuko, akamimina, akafukia kwa buti, watu wakapiga makofi mpaka njiwa wakaruka.

Ulikuwa mchele. Mchele uliokobolewa, mweupe, wa kupikia. Watu wazima mia tatu waliukusanyikia mchele, wakaufukia ardhini, wakaumwagilia maji ya chupa, wakaimba. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, mpunga." Polisi nao walisimama kuulinda usiote.

Nilimwambia Kinyozi jioni kwenye ngazi.

"Hautaota?" akauliza.

"Umeshakobolewa."

Akafikiri. "Lakini ujumbe umefika," akasema.

Jumapili, 20 Aprili

Simu. Sikupokea.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua kubwa. Namba ishirini imekuwa ziwa dogo, safi, bila hata gugu la kunywa maji.

Nesi hajaniomba. Niandike hilo kwanza. Na jikoni kwangu, kwenye kopo la bati, bado kuna maharage ambayo hayajapikwa, yanayotosha mistari sita mingine. Kila asubuhi nalitazama kopo hilo. Kila asubuhi najiambia kwamba siku bado zipo, kwamba mwenye shida ndiye husema, kwamba nikimpa nitamvunjia heshima. Ukweli ni kwamba nataka kuona ataufikisha wapi huo uadilifu wake. Nataka umshinde.

Leo nimeyapika yote.

Jumatano, 30 Aprili

Ukaguzi. Futikamba alikuja saa mbili na daftari lake chini ya mwavuli, na karani wa halmashauri mwenye viatu vya ofisini ambaye hakutaka kukanyaga popote.

Kwangu alipima mstari wa kwanza, akahesabu miche, akauliza, "Hii mbegu ulitoa wapi, mzee wangu?"

"Dukani."

"Dukani," akamwambia karani. Karani akaandika: kumi na tisa, imeota.

Wakahamia namba ishirini. Nesi alikuwa amesimama katikati, jembe begani. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, umechanwa kwa reki kama kichwa cha mtoto wa kwenda shule. Sijawahi kuona kiwanja kilichoandaliwa vizuri kama kile.

"Mama, hakuna kitu hapa," Futikamba akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole.

"Hakuna."

"Jirani zako wote wameota."

"Jirani zangu wote walikwenda kula," Nesi akasema. Hakunitazama. Angenitazama ingekuwa nafuu.

Futikamba akafungua futikamba, akaifunga. Akanigeukia mimi, nadhani alitaka mtu yeyote aseme neno lolote, atumie neno hilo kama ngazi ya kushukia. Mimi ndiye mzee kuliko wote pale. Mimi ndiye mtu wa kalamu. Nilikuwa nimeshika mpini wa jembe, nikautazama mpini.

Karani akaandika: ishirini, tupu.

Ijumaa, 2 Mei

Katazo limeondolewa. Siku mbili baada ya ukaguzi. Tangazo linasema serikali imesikia kilio cha wananchi. Utepe umekatwa asubuhi. Mpaka adhuhuri rafu ilikuwa imebaki na glavu za mkono wa kushoto. Kinyozi amenunua ua lililo ndani ya chungu, ameliweka dirishani bila kulimwagilia, na anapokea pongezi mlangoni.

Jumapili, 4 Mei

Nimepokea simu, na nimemweleza yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye peke yake anajua.

Niandike wazi. Tulifanya kazi pamoja, mimi na mdogo wangu, katika kiwanda cha uchapaji cha serikali. Palitangazwa dharura, nyingine, ya watu wengine. Tukaletewa karatasi ya kusaini kwamba msimamizi wetu alichapa vipeperushi usiku. Hakuchapa. Mdogo wangu alisaini. Mimi nilikataa, nikatoka kupitia mlango wa kupakulia karatasi, nikavuka mpaka. Msimamizi hakurudi kwake. Mdogo wangu akapewa meza yake.

"Na wewe hiyo fomu ulisaini?" mdogo wangu akauliza.

"Nilisaini."

"Uongo?"

"Uongo."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha mtu aliyetua mzigo katikati ya njia na kukaa juu yake. "Basi tuko sawa, kaka! Miaka yote hii ukinitazama kama choo. Tuko sawa. Rudi."

"Mimi nilisaini maharage. Wewe ulisaini mtu."

"Na yule mama ulimfanyaje?"

Mdogo wangu si mjinga. Hilo nilikuwa nimejisahaulisha. Nikakata simu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kwa Futikamba kwenye kibanda chake cha vifaa. Nikasema nataka kumwandikisha Nesi kuwa mlimaji wa pili wa namba kumi na tisa, mahali palipokuwa na jina la marehemu mke wangu. Akafurahi kweli. Hakuwa amelala vizuri, akaniambia, tangu Jumatano. Akatoa fomu.

Fomu inataka nithibitishe kwamba mlimaji wa pili amekilima kiwanja hicho kwa muda usiopungua miezi sita.

"Hajawahi," nikasema.

Futikamba akatazama mlangoni. "Andika tu, mzee wangu. Nani atakagua? Mkaguzi ni mimi."

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Ni ajabu jinsi ilivyo nyepesi mara ya pili, na jinsi mtu anayekusukuma anavyokuwa mwema.

"Kuna fomu gani nyingine isiyo na uongo ndani yake?"

Akatafuta. Ipo moja: ya kukabidhi. Mwenye kiwanja anamkabidhi mwanachama mwenzake, na haki yake yote inakoma siku hiyo. Mistari mitatu. Nikaisoma mara mbili, yote ni kweli, nikasaini.

Nesi nilimkuta kwake anakausha vyombo. Nikaweka ufunguo na karatasi mezani. Akasoma mpaka chini, kama kawaida yake.

"Ulikuwa ukiniona kila asubuhi," akasema.

"Nilikuwa nakuona."

"Na maharage ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Yalikuwa matamu?"

"Hapana."

Akakausha sahani moja zaidi. "Sina shukrani ya kukupa, shemeji." Hakuwa ameniita hivyo tangu mke wangu afariki. "Jumamosi nitahitaji mtu wa kubeba maji. Sisemi ni wewe."

Akauchukua ufunguo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwandikia mdogo wangu barua, maana kwenye simu ananishinda. Nimemwambia kiwanja sina tena. Ningeweza kujitetea kwamba niliapa juu ya kunyang'anywa, na mimi sikunyang'anywa, nilitoa. Msahihishaji yeyote angenipitishia hoja hiyo. Sikuitumia. Nimeandika kwamba niliapa, na kiapo hicho nakivunja kwa jina langu kamili. Nimeandika kwamba simwoni tena kuwa mchafu peke yake, na hilo achukue, ni lake. Lakini nikikaa mezani kwake, katika chumba chenye rangi mpya, itatubidi tuwe sawa kila siku, asubuhi na jioni, na wawili walio sawa hawana sababu ya kumtaja yule msimamizi. Tumebaki sisi wawili tu tunaojua kwamba hakuchapa kitu.

Sikutaja magoti yangu, wala mvua, wala mavuno.

Sitarudi.